Godoro la Mteremko

Mtaani kwetu, kila aliyeoa, kila aliyejifungua na kila aliyehamia alilala juu ya kazi ya mikono ya Fundi Sawasawa. Alishona magodoro ya pamba tangu zama ambazo hatukujua kama kuna mengine. Jina hilo hakupewa na baba yake. Alilipata kwa kikombe. Akimaliza godoro alilitandaza sakafuni, akamwita mkewe alete chai, kikombe kimejaa mpaka ukingoni, akakisimamisha katikati ya godoro, halafu upande wa kichwa, halafu upande wa miguu. Chai isipomwagika alisema, "Sawasawa. Nenda kalale." Ikimwagika tone moja, mshono ulifumuliwa mbele ya macho yako, nawe ukarudi kulala ulipolala jana.

Mkewe tulimwita Bi Pamba, maana nywele zake zilijaa nyuzi nyeupe miaka mingi kabla hazijawa nyeupe zenyewe. Walifanya kazi pamoja katika chumba cha mbele. Bi Pamba alikaa chini akichambua, anatoa mbegu, anakung'uta vumbi, anaitanua pamba kwa vidole mpaka inakuwa kama povu. Mumewe alishindilia na kushona kwa sindano ndefu kuliko kiganja. Midomo nayo haikukaa bure.

"Hapo umebana sana," mke angesema bila kuinua kichwa.

"Umeona kwa kisogo?"

"Nimesikia uzi unalia."

"Basi njoo uubembeleze."

Mtu alikwenda kwao kwa godoro, akakaa kwa maneno.

Magodoro ya sponji yalipoingia, Fundi aliyaita mikate. "Nunua tu," aliwaambia waliokuja kumuaga kwa aibu. "Ukilalia mkate, utaamka siagi." Wakacheka, wakanunua. Yeye akabaki na wazee, na wenye migongo mibovu, na wale ambao hawapati usingizi juu ya kitu kisicho na uzito.

Kikohozi kilianza kama mgeni wa siku moja. "Pamba hiyo, itatoka," alisema. Pamba haikutoka, ikatoka damu. Hospitali kubwa walimpiga picha, wakamtoa maji kifuani, maji yakarudi palepale. Daktari akawakalisha mume na mke akawaeleza polepole: ni saratani ya mapafu, imekwisha kusambaa, dawa ya kuiondoa haipo tena, iliyobaki ni dawa ya kumpunguzia mateso, na nesi atawafuata nyumbani. Bi Pamba aliuliza kama kisa ni sigara za ujanani au ni vumbi la pamba. Daktari akasema hawezi kumshika mmoja akamwachia mwenzake. Bi Pamba akaitazama mikono yake. Vumbi lile lilipita kwanza kwenye vidole vyake.

Nesi aliyekuja alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye mwendo wa mtu asiyekimbizwa. Kazi yake ilikuwa kuzungukia wagonjwa ambao hospitali haikuwa na la kuwafanyia zaidi ya kuwapumzisha. Mkoba wake ulijulikana. Akikata kona, majirani walitazama anaingia mlango wa nani, kisha wakanong'ona. Walimwita Nesi wa Kwaheri.

Alipobisha hodi alijibiwa na Bi Pamba kwa sauti ya chini. "Karibu, Sista. Pita upesi, usituingizie baridi."

Chumba kilikuwa giza mchana. Dirisha lilifungwa, na si kufungwa tu: kila ufa, kila pengo, chini ya mlango, hata tundu la ufunguo, palizibwa kwa pamba iliyoshindiliwa kwa ufundi. Hakuna nyumba nyingine mtaani ambayo ingeweza kuziba namna ile. Joto na harufu ya dawa ya kuchua vilikaa humo kama wapangaji wasiohama. Katikati, Fundi alikuwa kwenye kiti cha mbao, meza mbele yake, mto juu ya meza, paji la uso juu ya mto. Mabega yake yalipanda na kushuka kama ya mtu anayebeba mzigo ngazini. Miguuni mwake palitandikwa mkeka. Hapo ndipo mkewe alipolala usiku, mkono mmoja umeshika mguu wa kiti.

Nesi hakuuliza "unaendeleaje". Alivuta stuli, akakaa mpaka magoti yao yakakaribia kugusana, akauliza swali analowauliza wote.

"Fundi, katika yote haya, lipi linalokutesa zaidi?"

Fundi aliinua uso. Maneno yake yalikuja mafungu mafungu, kila fungu na pumzi yake.

"Nataka... kulala."

"Usingizi hauji?"

"Usingizi... ninao. Pa kulala... sina." Akapumzika. "Nikijilaza... nazama. Nimelaza... mtaa mzima. Mimi mwenyewe... nalala kama kuku."

"Hilo usimsikilize, Sista," Bi Pamba alidakia. "Mgonjwa wa kifua ukimlaza umemzika."

Akaeleza kwa haraka, kama mtu anayefunga mlango. Baba yake mzazi aliugua kifua. Alikaa kwenye kiti hivihivi. Watu wakamwonea huruma, wakamlaza. Yeye, binti yake, akatoka kidogo kuchota maji ya kumpangusa uso, akarudi na ndoo, akakuta hakuna tena wa kupanguswa.

"Alipokaa alikuwa hai," alisema. "Walipomlaza akafa. Mimi sikusoma, lakini hilo nililiona."

Nesi hakumbishia. Aliinuka, akaenda dirishani, akaanza kuchomoa pamba kipande kwa kipande.

"Sista! Kifua kinaogopa baridi!"

"Cha mafua, labda. Hiki kinaogopa kukosa hewa. Kinga mikono, Mama."

Kila kipande alimwekea Bi Pamba viganjani, kama anayemrudishia mtu mali yake, kisha akafungua dirisha. Hewa ya uani ikaingia na sauti ya jirani akikwangua sufuria. Nesi akatoa mkobani kifeni kidogo cha betri, akakishika karibu na shavu la Fundi, upepo upite puani na mdomoni. Fundi akafumba macho. Mabega yakashuka, si sana, lakini yakashuka. Bi Pamba alibaki amesimama na pamba tele mikononi, hajui aiweke wapi.

Ikafuata chupa ya dawa. Ilikuwa juu ya kabati, nyuma ya sahani, imejaa kama ilivyotoka hospitali.

"Mbona haijaguswa?"

"Ni ya maumivu. Hajalia."

"Hii ya mofini haingoji kilio, Mama. Kidogo kidogo, kwa saa tulizokueleza, humfanya hata asiitafute pumzi kwa woga."

"Watu wanasema mtu akiianza hiyo, ndiyo safari."

Nesi aliifuta chupa kwa upindo wa nguo yake. "Safari aliianza kabla ya chupa, mama yangu. Hii ni ya kumpunguzia mashimo njiani."

Bi Pamba alikaa chini. Hakulia, alianza tu kuchambua ile pamba aliyoishika, vidole vikienda vyenyewe. Nesi akamwonyesha jinsi ya kupima dawa kwa bomba dogo lisilo na sindano, akampa na ile ya kulainisha choo iende nayo pamoja, maana mofini hufunga tumbo. Mwisho akampa kitambaa cha rangi ya damu ya mzee. "Damu ikimtoka nyingi kwa ghafla, mfunike kwa hiki isikutishe rangi yake. Usikimbie. Kaa naye." Bi Pamba alikikunja mara nyingi mpaka kikawa kidogo, akakificha chini ya sahani.

Ndipo mlango ukasukumwa bila hodi, akaingia wifi yake, dada mkubwa wa Fundi, mwenye ulimi usiojua kupumzika.

"Wifi, nani kafungua dirisha? Mnataka kumwua ndugu yangu kwa hewa?" Akamtazama Nesi toka juu hadi chini. "Ahaa. Ndiye huyu Nesi wa Kwaheri."

"Ndiye mimi, dada."

"Na huogopi kuitwa hivyo?"

"Wengine nimewaaga mpaka wamechoka na sura yangu. Shika kifeni hiki, mkono wangu umechoka."

Wifi akakishika kabla hajajua kwamba amekishika.

Wiki zilizofuata Fundi alipata nafuu ya namna ile ambayo haiwadanganyi waliokwisha kuiona. Nyama iliendelea kumwisha, lakini hofu ilipungua. Pumzi ikimkaba, Nesi alimwambia, "Poza chai, Fundi," naye alichongoa midomo akapuliza taratibu, kama aliye na kikombe cha moto mbele yake, mpaka kifua kikatulia. Maneno yalirudi, mafupi. Lakini kulala hakukuwepo. Walimwekea mito, mito ikateleza. Walimwekea kipande cha sponji, kikabonyea chini ya mgongo wake naye akaibuka akitapatapa.

"Mkate," alisema alipopata pumzi, na wote wakaelewa.

"Hospitali kuna vitanda vinavyoinuka kichwani, lakini vya kuazima hakuna," Nesi alisema siku moja. "Anahitaji mteremko. Mgumu, usiobonyea, umwinue toka kiunoni, na ajiegemeze upande ule wenye maji, ule mzima upate nafasi."

Fundi aliinua kichwa kutoka kwenye mto wa mezani.

"Mteremko?"

"Mteremko."

"Maisha yangu yote... napigana na vilima." Macho yake yakawa ya mtu aliyeitwa kazini. "Bi Pamba. Lete sindano."

Bi Pamba alikuwa anaosha vikombe. "Sindano ya nini?"

"Tushone."

"Mimi nachambua. Kushona sijui."

"Umenikosoa... miaka yote. Leo... onyesha."

Alitoa mikono kwenye maji, akatoka, akakaa uani mpaka jua likaondoka ukutani. Kesho yake alifanya kila kazi ya nyumba ila hiyo. Kesho kutwa vilevile. Fundi hakumsukuma. Alitazama tu kitanda chao cha ndani kupitia mlango ulio wazi: godoro lao wenyewe, la mistari ya buluu, alilolishona walipooana, lisilo na mtu juu yake tangu alipokalia kiti.

Nesi alimkuta Bi Pamba uani, juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Umetumwa?" Bi Pamba aliuliza.

"Sikutumwa. Nimechoka kusimama."

Akapewa ndoo nyingine. Walikaa kama wanaosubiri kitu kichemke.

"Nikimlaza, utaniapia kwamba ataamka?"

"Siwezi kuapa, Mama. Hata akiwa amekaa siwezi kuapa."

"Basi tofauti iko wapi?"

Nesi alisogeza ndoo yake karibu. "Kwenye kiti, wewe uko miguuni pake, umeshika mguu wa kiti. Akilala, wewe utakuwa wapi?"

Bi Pamba alitazama mikono yake, ile mikono, kisha akaingia ndani. Alitoka akiliburuta godoro la mistari ya buluu, akalitupa juani, akajifunga kitambaa chenye maji puani kama Nesi alivyomwagiza, akachukua wembe. Uzi wa kwanza ulipokatika alisema jina la mumewe lile ambalo sisi mtaani hatukulijua.

Kwa hiyo walishona godoro lingine kwa pamba ileile na kitambaa kilekile. Uani, mbali na kifua cha mgonjwa, lakini mbele ya dirisha, na dirisha sasa lilikuwa wazi. Fundi aliwekwa hapo dirishani, kwa ndani, na kiti chake. Kwa kuwa pumzi haikutosha maneno, alisimamia kazi kwa kugonga meza: mara moja, shindilia, mara mbili, fumua. Ilisikika mpaka barabarani, na watu walipunguza mwendo.

Ko-ko.

"Nifumue nini? Pako sawa hapo!"

Ko-ko.

"Gonga, gonga. Kugonga hakutoi jasho."

Ko.

"Haya, nashindilia. Simba wa dirishani."

Wifi, aliyekuja kugomba, alijikuta ameshika pindo la kitambaa huku mwenzake akishona. Ni yeye aliyeuliza mbona godoro ni pana hivyo. "Mgonjwa hulala peke yake, wifi. Punguza, uokoe pamba."

Ko-ko, meza ikalia. Ko-ko. Ko-ko.

"Kasema nini?"

Bi Pamba alishusha kichwa akatafuta tundu la sindano ambalo halikuwa limepotea. "Kasema liwe la wawili."

Lilipokwisha walilibeba hadi kitandani: nene upande wa kichwa, jembamba miguuni, gumu kama tuta. Mishono haikuwa imenyooka. Fundi aliipapasa kwa kidole kutoka kitini, mmoja mmoja, na hakugonga kitu.

"Chai," akasema.

"Ya kunywa?"

"Ya kazi."

Bi Pamba alileta kikombe kimejaa mpaka ukingoni, akakisimamisha katikati ya ule mteremko. Kilisita, kama mtu anayefikiria, kisha kikaanguka, na chai ikateremka hadi miguuni ikachora ziwa la kahawia kwenye mistari ya buluu. Fundi alilitazama lile ziwa.

"Sawasawa," akasema. "Nikalale."

Bi Pamba alicheka mpaka akashika kitasa cha mlango. Wifi alicheka pia, kisha akageukia ukutani, na mgongo wake ukaendelea kutikisika baada ya wengine kunyamaza.

Mchana ule, baada ya chakula ambacho hakukigusa, Nesi alimpa dawa, wakangoja ifanye kazi. Kisha wakamnyanyua. Alikuwa mwepesi, mwepesi kuliko godoro. Wakamwegemeza mteremkoni, upande wenye maji chini, kifeni karibu na shavu. Mikono yake ilitafuta meza ambayo haikuwepo. Macho yakamtoka.

"Poza chai, Fundi. Poza. Taratibu."

Akapuliza. Akapuliza tena. Bi Pamba alisimama mlangoni bila kupumua, kana kwamba hewa ilikuwa haba na mmoja wao ajinyime. Mabega yakashuka. Uti wa mgongo ukaachia, pingili moja baada ya nyingine, na Fundi Sawasawa akawa amelala.

"Nawe," alimwambia mkewe.

"Mbele za watu?"

"Ni nesi... na ni dada. Watazame... dirishani."

Wakatazama dirishani. Bi Pamba alivua viatu, akapanda upande wake wa siku zote, akateleza kidogo, akamshika mumewe kiwiko asiendelee kuteremka. Baada ya muda ikasikika sauti ambayo nyumba ile ilikuwa imeisahau: Fundi alikuwa anakoroma.

Alilala mpaka jua likageuka. Mkewe hakufumba jicho. Alimlinda kama mtu anayelinda maziwa jikoni. Alipofumbua macho, Fundi alimwona karibu, usawa wa pua.

"Umelala?"

"Nimelala," akamdanganya.

"Mwongo. Ungekoroma... kunishinda."

Akaamka siku hiyo, na siku nyingine, na nyingine. Baadaye hakurudi kitini tena. Kiti kilirudishwa mezani kikawa kiti tu. Alikula kijiko, kisha nusu, kisha akalowanishwa midomo kwa pamba, pamba aliyoichambua mkewe mpaka haikuwa na hata chembe ya vumbi. Nesi alimwambia Bi Pamba ukweli wote uani, juu ya zile ndoo: pumzi zitaachana, kutakuwa na mapengo marefu, koo litakoroma kwa sauti isiyo ya usingizi, na hilo litamtisha yeye msikilizaji kuliko mgonjwa mwenyewe.

"Nikiona hivyo nikimbilie wapi?"

"Hakuna pa kukimbilia, Mama. Hapo ndipo mahali."

Saa yenyewe ilikuja asubuhi, wifi akiwa sokoni na Nesi bado njiani. Pumzi ilikwenda, ikarudi, ikakawia. Uso wa Fundi ulilowa jasho, na Bi Pamba akajikuta ameketi, mguu mmoja chini tayari, akitaka kuchota maji ampanguse. Ndoo aliiona ilipo. Akautazama ule mguu wake kama wa mtu mwingine. Kisha akaurudisha juu, akalala, akampangusa mumewe kwa kiganja kitupu, na kwa kiganja hicho hicho akamshika kiwiko. Pumzi ikakawia zaidi. Akaingoja ile ifuatayo, wameelekeana, usawa wa pua.

Nesi alipofika aliwakuta hivyo. Kifeni kilikuwa bado kinazunguka. Hakusema kwaheri wala neno jingine. Alikizima, akavuta stuli, akakaa.

Kitambaa cha rangi ya damu ya mzee kilibaki chini ya sahani, hakikuhitajika.

Matanga yalipokwisha, wifi alikuja na sindano. "Wifi, tulifumue lile godoro, tulisawazishe. Mtu mzima hawezi kulala mlimani."

"Liache."

"Utavunjika mgongo."

"Liache, wifi."

Nesi naye alipita mara kadhaa kumjulia hali. Wagonjwa wengine wa kifua aliokuwa nao walikuwa wamekaa vitini, vipaji vya nyuso mezani, na siku moja aliuliza kama godoro lile lingeweza kuazimwa. Bi Pamba aliendelea kukunja nguo kama hakusikia. Nesi hakuuliza tena.

Dirisha bado liko wazi, mvua ikinyesha, vumbi likivuma. Bi Pamba hulala upande wake wa siku zote. Usingizini huteleza, taratibu, kwa kuwa mteremko hauna mtu wa pili na kiwiko cha kushika hakipo. Asubuhi hujikuta chini kabisa, amejikunja penye lile doa la chai, na kule juu pamenyooka, hapajabonyea.